Mpiganaji na Mwalimu Wake wa Kwanza

Mchezo wa mapigano mchanganyiko, ambao vijana wengi siku hizi huutazama katika simu zao, una sifa mbaya kwa watu wa rika langu. Husemwa kuwa ni ukatili mtupu: watu wawili wamefungiwa ndani ya kizimba cha pembe nane, wanapigana ngumi na mateke na kugaragazana chini hadi mmoja aseme basi. Sina nia ya kuutetea. Umri wangu umevuka miaka sabini, na kazi iliyonilisha ni ualimu: kwanza darasani, kisha ualimu mkuu, na mwishowe chuo cha ualimu, ambako kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu kufundisha. Lakini nimeutazama mchezo huo kwa miaka kadhaa nikiwa na mjukuu wangu, na nimeona ndani yake jambo linaloihusu kazi yangu kuliko nilivyotarajia. Jambo lenyewe ni hili: alichofundishwa mtu kwanza hakimtoki mwilini. Waweza kumwongezea elimu nyingine nyingi juu yake, lakini siku anapobanwa, mwili hurudi shule ya kwanza.

Nianze na historia kidogo, maana bila hiyo msomaji asiyeujua mchezo huu ataachwa njiani.

Watu wa umri wangu tunamkumbuka Muhammad Ali kwa pambano lake na George Foreman mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Wachache wanalikumbuka lile la Tokyo la Juni 26, 1976, ambapo Ali alikutana na Antonio Inoki, mcheza mieleka maarufu wa Japani. Inoki alitumia sehemu kubwa ya pambano akiwa amelala chali au ameketi chini, akimpiga Ali mateke ya miguuni. Ali, ambaye ngumi zake zilikuwa na kasi ya ajabu kwa mtu wa uzito wake, alirusha ngumi zisizofika kumi katika raundi zote 15. Matokeo yakawa sare, watazamaji wakakasirika, na Ali akaishia kutibiwa miguu hospitalini. Wengi waliliona pambano lile kuwa kichekesho. Mimi nikilitazama leo naona mtihani. Ndondi zilikuwa zimemfundisha Ali mambo mengi, lakini hazikuwahi kumwuliza swali hata moja juu ya usalama wa mguu wake wa mbele. Siku ile aliulizwa, naye hakuwa na jibu.

Mtihani huo ulifanywa kwa upana zaidi Novemba 12, 1993, mjini Denver, Marekani, katika mashindano ya kwanza ya UFC. Wapiganaji wanane wa shule mbalimbali walikutanishwa usiku mmoja, bila kugawanywa kwa uzito na bila majaji wa kuhesabu pointi. Gerard Gordeau wa Uholanzi, mtu wa karate na wa savate, yaani mateke ya Kifaransa, alimpiga teke la uso Teila Tuli, mcheza sumo mwenye mwili mkubwa, hata jino likaruka. Pambano lile lilisimamishwa katika sekunde ya 26. Art Jimmerson, mwanandondi, aliingia kizimbani akiwa amevaa glovu mkono mmoja tu. Na aliyeshinda mashindano yote hakuwa mpiga ngumi wala mateke. Alikuwa Royce Gracie wa Brazil, kijana mwembamba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakamata wenzake, kuwaangusha, na kuwapiga kabali. Jimmerson alikubali kushindwa akiwa amekaliwa kifuani, na Gordeau alikabwa katika fainali.

Wengi walihitimisha kuwa shule za ngumi na mateke zimekwisha. Wakasahau kwamba mwanafunzi aliyefeli mtihani mmoja aweza kwenda kujisomea. Wapigaji walikwenda kujifunza mieleka na mapambano ya chini, angalau kiasi cha kutoangushwa ovyo, kisha wakarudi na silaha zao za zamani. Na waliporudi, kila mmoja alikuja na alama ya alikotoka.

Asiyewahi kuutazama mchezo huu kwa makini hudhani kuwa tofauti ya karate, ndondi na ndondi za Kithai ni tofauti ya silaha: huyu ana ngumi, yule ana mateke, mwingine ana magoti. Silaha ni sehemu ndogo tu. Tofauti kubwa iko katika namna ya kusimama na umbali ambao mtu amezoea kukaa kutoka kwa adui yake.

Mchukue Lyoto Machida wa Brazil. Baba yake, Yoshizo Machida, alihamia huko kutoka Japani, akamfundisha mwanawe karate ya Shotokan tangu utotoni. Katika mashindano ya karate hiyo, pigo moja safi hutosha kumfanya mwamuzi asimamishe mchezo na kutoa pointi. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kukaa mbali, miguu ameitanua, ubavu ameuelekeza mbele, akingoja mwenzake afanye kosa. Kisha huruka ndani mara moja, hupiga, hutoka. Machida alikaa hivyo hivyo kizimbani, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua jinsi ya kumfikia. Mei 23, 2009 alimzimisha Rashad Evans katika raundi ya pili, akatwaa ubingwa wa uzito usiozidi kilo 93. Aprili 30, 2011, mjini Toronto, alimwangusha Randy Couture kwa teke la mbele la kuruka, teke ambalo wengi walidhani ni la sinema tu.

Shule ya Thailand hufundisha karibu kinyume cha hayo. Mpiganaji wa Muay Thai husimama wima, mguu wa mbele ukiwa mwepesi ili auinue upesi kulikinga teke. Hupiga kwa ugoko, mfupa mzima, wala si kwa nyayo. Akikaribiana na mwenzake hamkumbatii ili apumzike kama afanyavyo mwanandondi. Humshika shingo kwa mikono miwili na kumpandishia magoti. Anderson Silva, Mbrazili mwingine, alimfanyia hivyo Rich Franklin Oktoba 14, 2006, na pambano halikumaliza raundi ya kwanza. Franklin alikuwa bingwa siku hiyo. Ubingwa ukamhama, na Silva akakaa nao hadi Julai 2013.

Shule hizi mbili zilikutana uso kwa uso. Mauricio Rua, aliyelelewa katika Muay Thai ya mji wa Curitiba, alipambana na Machida Oktoba 2009. Majaji walimpa Machida ushindi, uamuzi uliolalamikiwa na wengi, kwa sababu raundi zote tano Rua alikuwa akiyapiga mapaja na mbavu zake kwa mateke. Waliporudiana Mei 8, 2010 mjini Montreal, Rua alimzimisha katika raundi ya kwanza. Ule msimamo mpana uliomwezesha Machida kuruka kwa kasi ndio uliouacha mguu wake wa mbele uonje mateke.

Mwanandondi naye ana mzigo wake. Hakuna shule inayojua mikono kuliko ndondi. Hakuna inayojua vizuri kama hiyo jinsi ya kuhamisha kichwa ili ngumi ipite hewani, wala jinsi ya kuunganisha mapigo matatu manne bila kupoteza mizani. Lakini mwanandondi huinama chini ya ngumi, na kizimbani akiinama hukutana na goti. Uzito wake huukalisha mguu wa mbele, na mguu uliokaliwa na uzito hauinuki upesi kuzuia teke. Tena kuna jambo la glovu, ambalo watazamaji wengi hawalifikirii. Glovu ya ndondi za kulipwa kwa watu wazito ina aunsi 10, kama gramu 283; ya mapigano mchanganyiko ina aunsi 4, kama gramu 113, nayo inaacha vidole wazi. Mwanandondi aliyezoea kujificha nyuma ya glovu zake mbili kama mtu nyuma ya mlango atagundua kuwa mlango wenyewe sasa ni dirisha.

Waholanzi walilitambua pengo hilo mapema. Tangu miaka ya 1970 walimu wa Amsterdam walichukua karate ya Kyokushin kutoka Japani, mateke ya Kithai na mikono ya ndondi, wakavifuma pamoja. Alama ya shule yao ni mfululizo wa ngumi unaomfanya mtu ainue mikono kuukinga uso, na papo hapo teke linatua pajani. Wanafunzi wao walitawala mashindano ya K-1 ya Japani kwa miaka mingi, na Alistair Overeem alilitwaa taji hilo mwaka 2010 huku akiendelea na mapigano mchanganyiko.

Wala mtihani haujafungwa. Miaka ya karibuni wapiganaji wameshusha teke kutoka pajani hadi kwenye kigimbi, chini ya goti, mahali penye nyama chache ambapo mapigo machache hutosha kuulemaza mguu. Januari 2021, huko Abu Dhabi, Conor McGregor wa Ireland, aliyeanza na ndondi mjini Dublin, aliingia na msimamo mpana wenye uzito mbele. Dustin Poirier alikipiga kigimbi chake hadi mguu ukakataa kumbeba vizuri, kisha akammaliza kwa ngumi katika raundi ya pili. Lilikuwa swali lile lile la Tokyo, limeulizwa upya miaka 45 baadaye.

Hata silaha iliyo bora hudai malipo. Desemba 2013 Anderson Silva alirusha teke la chini, Chris Weidman akainua goti kulikinga, na mguu wa Silva ukavunjika. Aprili 2021 Weidman mwenyewe alirusha teke lake la kwanza dhidi ya Uriah Hall, Hall akalikinga, na mguu wa Weidman ukavunjika namna ile ile.

Sasa, ndugu msomaji, niruhusu nikueleze kwa nini mambo haya yanamgusa mwalimu mzee.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikikaa kwenye dawati la nyuma nikiwatazama wanachuo wangu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha. Chuoni walikuwa wamefundishwa mbinu shirikishi: kuwagawa watoto katika makundi, kuuliza maswali yanayofikirisha, kutumia zana. Maandalio yao ya somo yalikuwa safi. Wiki ya kwanza mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa. Ilipofika wiki ya tatu, mbele ya darasa la watoto tisini, chaki zimekwisha, jua kali, kelele zinapanda, niliona kitu cha ajabu. Mwanachuo aliacha makundi yake, akasimama mbele, akawaamrisha watoto waitikie kwa pamoja, na mkono wake ukaanza kuitafuta fimbo. Nakumbuka kijana mmoja ambaye baada ya kipindi nilimwuliza, “Darasa la tatu ulifundishwa na nani?” Akanitajia jina, akacheka, kisha akanyamaza. Alikuwa ameelewa. Hata mkono wake wa kushoto aliuweka nyuma ya kiuno, kama alivyofanya mwalimu yule. Miaka miwili ya chuo ilikuwa juu. Darasa la tatu lilikuwa chini, na aliposhinikizwa alitua chini.

Wenzangu wengine waliona hiyo ni sababu ya kukata tamaa. Walisema kuna faida gani kuwafundisha watu mbinu mpya ikiwa wataiacha siku ya taabu. Mapigano haya yamenipa jibu ambalo nilikuwa nalo nusunusu. Mpiganaji mzuri haifuti shule yake ya kwanza, maana haifutiki. Anachofanya ni kuijua. Anajua mguu wake wa mbele uko wazi, anajua kichwa chake hupenda kuinama kulia, na anafanya mazoezi ya kuukinga udhaifu huo hadi mazoezi yenyewe yawe tabia ya pili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtoto wa Afrika. Francis Ngannou alizaliwa mwaka 1986 huko Batié, Kamerun, na utotoni alifanya kazi ya kuchimba mchanga. Ndoto yake ilikuwa ndondi. Alifika Ufaransa mwaka 2013 akiwa hana mahali pa kulala, na walimu wa Paris ndio waliomwelekeza kwenye mapigano mchanganyiko. Alikwenda na ngumi zake, na kwa muda ngumi zilitosha. Januari 2018 alikutana na Stipe Miocic, aliyezikwepa ngumi za mwanzo, akamkamata na kumwangusha, akamchosha kwa raundi tano. Ngannou alirudi darasani. Machi 27, 2021 alikutana tena na Miocic. Safari hii Miocic alipojaribu kumkamata alishindwa, na raundi ya pili Ngannou akamzimisha kwa ngumi. Januari 2022 likaja lililonishangaza zaidi. Alikuwa akishindwa na Ciryl Gane wa Ufaransa, mtu wa Muay Thai mwenye miguu myepesi. Goti la Ngannou lilikuwa linauma, na ngumi hazifiki. Akamkamata Gane, akambwaga, akashinda kwa pointi kwa mieleka ile ile iliyokuwa imemwadhibu miaka minne kabla. Hata hivyo ndoto ya kwanza haikumtoka. Oktoba 2023, mjini Riyadh, aliingia ulingo wa ndondi na kumwangusha Tyson Fury katika raundi ya tatu, ingawa alishindwa kwa pointi za majaji waliogawanyika. Machi 2024 Anthony Joshua alimzimisha katika raundi ya pili. Mtu aliongezewa elimu, akawa bingwa kwa elimu hiyo, na bado moyo wake ulirudi kwa mwalimu wa kwanza.

Haya yote yangebaki kuwa mazungumzo ya kibarazani kama mjukuu wangu, aliye na miaka 17, asingeniomba nimlipie ada ya mazoezi. Mama yake, binti yangu, aliniambia bila kupepesa: “Baba, ukimlipia, basi ukamwuguze wewe.” Hakuwa anatania, na hoja yake ni nzito. Tangu mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, alieleza jinsi mapigo ya kichwa yanavyowaharibu wanandondi akili na mwendo, na utafiti uliofuata umeongeza hofu badala ya kuipunguza. Mifupa huunga. Ubongo ulioharibika hauna fundi.

Nilikwenda kumwona kocha mwenyewe. Ukumbi wake uko nyuma ya gereji, una magunia mawili ya mchanga na tairi la lori. Aliniamkia, “Shikamoo, mwalimu,” akanipa kiti kimoja kilichokuwapo. Sikumwuliza anafundisha ndondi au Muay Thai. Nilimwuliza siku ya kwanza anafundisha nini.

“Mwezi wa kwanza harushi ngumi, mwalimu,” akasema. “Anajifunza kusimama, kurudi nyuma, na kuinua mikono. Kupiga mtu kila mtu anajua.”

“Na kichwa?”

“Kichwa hakichezewi mpaka nione macho yake hayafumbi ngumi ikija. Na wengine sitawaruhusu kabisa.”

Nimewatahini walimu wengi katika maisha yangu, na nilitambua kuwa mbele yangu yuko mwalimu. Usiku ule tuliketi watatu, mimi, binti yangu na kijana, tukaafikiana: hatapigana kwa mapigo ya kichwa kabla ya kumaliza kidato cha sita, akipata kizunguzungu hata siku moja, atapumzika na kupelekwa hospitali, na mama yake ana haki ya kuyasimamisha mazoezi wakati wowote bila kuulizwa sababu. Kijana alitaka kubishana juu ya hilo la mwisho, nikamtazama, akaacha.

Mama yake bado hajaridhika, wala simlaumu. Ila wiki iliyopita kijana alikuwa uani anafua nguo zake, mdogo wake akamnyemelea na kumrushia povu la sabuni usoni. Mikono yake ilipanda kabla hajafikiri, mguu wa nyuma ukarudi nusu hatua, na macho yakabaki wazi. Kisha akacheka, akamkimbiza mdogo wake hadi mwembeni. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na aliona kama nilivyoona. Hakusema neno. Kilichomwingia mtoto kwanza ni kujikinga, na chochote watakachomfundisha baadaye kitakalia juu ya hicho.